Draivu Moja ya CD, Mifumo Mitatu: Jinsi ya Kuitumia Kwenye Windows, Mac na Linux

Laptopu nyingi zinazouzwa sasa hazina tena mahali pa kuingizia CD, ila makabati ya sebuleni bado yamejaa: DVD ya harusi, VCD za kwaya na taarabu, CD ya picha kutoka studio, DVD ya mahafali. Draivu ya nje, ile inayochomekwa kwenye USB, ndiyo njia rahisi ya kuvifikia vitu hivyo. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye draivu moja na kompyuta za aina tofauti, labda Windows ya ofisini, Mac ya dada na laptopu kuukuu yenye Linux, ambaye anataka kuokoa kilichomo kwenye CD zake kabla hazijagoma kabisa.

Elewa jambo moja kwanza, litakupunguzia hangaiko. Draivu haibagui mfumo. Inapokea amri za kawaida ambazo Windows, macOS na Linux zote zinazijua, kwa hiyo hakuna programu ya kusakinisha ili ifanye kazi. Kama ndani ya boksi umekuta kiCD cha programu, kiache humo humo. Kinachotofautiana ni namna kila mfumo unavyokuonyesha kilichomo.

CD ya muziki inaonyesha hili vizuri. Ukiifungua kwenye Windows utaona Track01.cda, Track02.cda na kuendelea, kila faili likiwa na baiti 44 tu. Watu wengi huyanakili mafaili hayo kwenye flashi, wakichomeka kwenye redio ya gari wanapata kimya, kisha wanasema CD imeharibika. Ukiipeleka CD hiyo hiyo kwenye Mac, nyimbo zinaonekana kama mafaili ya .aiff ambayo unaweza kuyaburuta na kuyanakili. Kwenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, zinaonekana kama .wav. Kumbe ndani ya CD hamna .cda, hamna .aiff wala .wav, kuna mkondo wa sauti tu, na kila mfumo unauvalisha nguo yake. Kwa hiyo kitu kikikataa kwenye kompyuta moja, usitupe CD. Hamisha draivu ujaribu kwenye mfumo mwingine.

Kabla ya kununua

Draivu ya DVD inayoandika pia inatosha kwa karibu kila mtu: inasoma CD (megabaiti 700), DVD ya kawaida (gigabaiti 4.7) na DVD ya tabaka mbili (gigabaiti 8.5). Blu-ray inahitaji draivu yake, ya bei kubwa zaidi, na filamu za Blu-ray zina ulinzi unaohitaji programu maalumu ya kuzicheza. Kama huna Blu-ray nyumbani, achana nayo.

Chagua yenye trei inayotoka nje, siyo ile ya kumeza CD kupitia mwanya. Sababu ni zile DVD ndogo za sentimita 8 zilizotumika kwenye kamera za video. Kwenye trei kuna kitako chao katikati, lakini kwenye draivu ya mwanya zinaweza kunasa ndani. Na ukiuziwa Apple SuperDrive ya mtumba, yaani draivu ya nje ya kampuni ya Apple, jua kwamba ilitoka mwaka 2008 kwa ajili ya MacBook Air na haikukusudiwa kompyuta zisizo za Apple. Kwenye Linux inakaa kimya mpaka uiamshe kwa amri hii:

sg_raw /dev/sr0 EA 00 00 00 00 00 01

Programu ya sg_raw imo kwenye kifurushi cha sg3-utils. Inawezekana, lakini kwa mtu anayehamahama kati ya kompyuta tatu ni usumbufu wa bure.

Umeme kwanza

Hapa ndipo matatizo mengi yanapoanzia, na ndipo watu wasipotazama. Draivu nyembamba haina adapta yake. Inakula umeme wa USB peke yake. Tundu la USB 2.0 limepangwa kutoa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900. CD ikishazunguka vizuri draivu haili sana, ila ile sekunde ya kuanza kuzungusha mota, au wakati wa kuchoma DVD, inaweza kuvuka 500.

Dalili zake utazisikia kabla hujaziona. Taa inawaka, mota inaanza kunguruma, halafu inasikika tik, tik, mngurumo unashuka, unaanza upya. Au inasoma vizuri dakika kadhaa kisha draivu inatoweka kabisa kwenye skrini na kurudi yenyewe. Mtu anayesikia hivyo huilaumu CD. Jaribu haya kwanza, kwa mpangilio huu:

1. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Usipitie hubu (kigawanyio cha matundu ya USB) isiyo na umeme wake, wala tundu la kwenye kibodi.
2. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma badala ya yale ya mbele.
3. Chagua tundu la USB 3.0, mara nyingi lina plastiki ya bluu ndani.
4. Tumia waya mfupi, ikiwezekana ule uliokuja na draivu. Waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia unapoteza umeme njiani.
5. Ikishindikana, tafuta waya wenye vichwa viwili vya USB upande wa kompyuta, au hubu yenye adapta yake ya ukutani.

Kwenye Mac mpya zenye matundu ya USB-C tu, kipachiko kidogo cha kugeuza USB-C kuwa USB ya kawaida kinatosha, mradi kisiwe cha ovyo.

Kwenye Windows

Chomeka draivu, subiri sekunde chache, fungua "This PC". Draivu inajitokeza na herufi yake, tuseme D: au E:, hata kama haina CD ndani. Isipojitokeza, bofya kulia kitufe cha Start, fungua "Device Manager" na utafute "DVD/CD-ROM drives". Kama ipo na alama ya mshangao wa njano, bofya kulia, chagua "Uninstall device", chomoa, chomeka tena. Kama ipo bila alama lakini haionekani kwenye "This PC", tatizo ni herufi: fungua "Disk Management" uipe herufi nyingine.

DVD ya video ndiyo inayowashtua watu. Tangu Windows 8, Microsoft iliondoa uwezo wa kucheza DVD kwenye Windows Media Player. Sakinisha VLC, programu ya bure ya kucheza video, na suala limekwisha.

Kwa CD ya muziki usinakili yale mafaili ya .cda. Fungua Media Player ya Windows 11, au Windows Media Player ile ya zamani, na utumie kitufe cha "Rip CD". Kama nafasi ipo, chagua FLAC, ambayo haipunguzi ubora wa sauti. MP3 unaweza kuitengeneza baadaye kutoka kwenye hiyo.

Kwenye Mac

Mac haionyeshi chochote mpaka uingize CD. Draivu tupu haina alama kwenye skrini, kwa hiyo usidhani imekataa. Ukitaka uhakika, fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike:

drutil status

Ukiona jina la draivu na maneno "No Media Inserted", kila kitu ni kizima. Laptopu za Mac zenye chipu ya Apple, kuanzia macOS Ventura, zinaweza pia kukuuliza kama unaruhusu kifaa kiunganishwe. Kubali, la sivyo draivu itapata umeme bila kuonekana.

CD ikiingia na bado huoni alama yake, nenda kwenye mipangilio ya Finder na uweke tiki kwenye "CDs, DVDs and iPods". Mac bado ina programu yake ya DVD Player, ingawa imefichwa. Itafute kwa Spotlight, kitafutio cha Mac. Ikiwa trei imekataa kufunguka, andika drutil eject.

Wenye CD za zamani sana zilizotengenezwa kwenye Mac za miaka ya tisini wajue hili: tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, Mac haisomi tena HFS ya zamani, yaani namna mafaili yalivyopangwa kwenye CD hizo. CD hizo zipeleke kwenye Linux, ambako mara nyingi bado zinafunguka.

Kwenye Linux

Fungua Terminal uandike lsblk. Draivu inaitwa sr0, iwe na CD au haina. Kama haipo kwenye orodha, rudi kwenye sehemu ya umeme hapo juu. CD ya data inafunguka yenyewe kwenye Ubuntu, Mint na nyinginezo za aina hiyo.

DVD za harusi na za studio hazina kufuli, zinacheza bila hatua ya ziada. Za filamu zilizonunuliwa dukani zimefungwa, na VLC ya Linux haiji na ufunguo kama ile ya Windows na Mac. Kwa Debian na Ubuntu:

sudo apt install libdvd-pkg
sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg

Ukiambiwa draivu inatumika na haiwezi kutolewa, funga madirisha yote yaliyofungua CD hiyo, ikiwa ni pamoja na Terminal iliyosimama ndani ya folda yake, kisha andika eject /dev/sr0.

Chromebook inasoma mafaili ya data kutoka kwenye draivu ya nje, basi. Haichomi wala haichezi filamu za DVD. Simu za Android kwa kawaida hazisomi draivu hizi, isipokuwa chache zilizotengenezwa kwa ajili hiyo na programu yake.

Kunakili DVD ya nyumbani

Ndani ya DVD ya video utakuta folda inayoitwa VIDEO_TS. Inakili nzima, mifumo yote mitatu inaweza. Iweke ndani ya folda yenye jina linaloeleweka, kwa mfano "Harusi ya Mwanaidi 2009". Ndani yake video imekatwa vipande vya .VOB visivyozidi gigabaiti 1. Hivyo ndivyo DVD zilivyopangwa, usiviunganishe kwa mkono. VLC inaifungua folda nzima kama DVD, pamoja na menyu yake. Ukitaka faili moja la kutuma kwa ndugu kwenye WhatsApp au kuweka kwenye simu, tumia HandBrake, ambayo ni ya bure na ipo kwenye mifumo yote mitatu. Lakini usiufute ule mnakala wa VIDEO_TS baada ya kupata MP4. Huo ndio wenye ubora wa asili, na MP4 haiwezi kurudishwa kuwa kama ulivyokuwa.

VCD zinataka Windows

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki bado zina VCD, na hizi ndizo zinazosumbua zaidi. Ukiifungua utaona folda ya MPEGAV na ndani yake mafaili kama AVSEQ01.DAT. Kwenye Windows yanakili kama mafaili mengine, na VLC inayacheza. Ukijaribu hivyo hivyo kwenye Mac au Linux, mara nyingi unapata hitilafu katikati, kwenye Linux ikisema "Input/output error".

CD siyo mbovu. Kwenye CD ya data kila kipande kidogo kinabeba baiti 2048, na nafasi iliyobaki hutumika kusahihisha makosa ya usomaji. VCD iliacha sehemu ya masahihisho hayo ili ibebe baiti 2324 za video kwenye kila kipande. Windows inajua kuvisoma vipande hivyo na kuvifunga kama faili. Kunakili kwa kawaida kwenye Mac na Linux kunatarajia 2048, kunakwama. Ndiyo sababu pia mkwaruzo mdogo kwenye VCD unaleta vile viraka vya rangi kwenye picha, wakati CD ya data yenye mkwaruzo kama huo inasomeka vizuri.

Kama huna Windows kabisa, kwenye Linux sakinisha kifurushi cha vcdimager na utumie:

vcdxrip --cdrom-device=/dev/sr0

Itatoa mafaili ya .mpg kwenye folda uliyopo.

CD iliyochakaa

Fundi yeyote anaijua sentensi hii: "Mwanangu, hii CD imeshakufa, nimeleta tu nijaribu bahati." Nyingi ya hizo hazijafa. Anza na kusafisha: kitambaa laini kisicho na vumbi na maji kidogo, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe mkono, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu mfululizo mrefu wa data, ilhali unaokatiza unagusa kidogo kidogo tu.

Geuza pia upande wa juu, wenye maandishi. Kwenye CD, tabaka linaloakisi mwanga liko chini tu ya rangi ya juu. Ukiishika mbele ya taa na kuona vitundu vya mwanga, data ya hapo imekwenda na hakuna dawa ya kung'arisha itakayoirudisha. DVD ina nafuu, kwani tabaka lake liko katikati ya sahani mbili za plastiki zilizogandishwa pamoja.

Kwa CD ya data au DVD inayosoma kwa taabu, tumia ddrescue. Kwenye Ubuntu kifurushi kinaitwa gddrescue. Kwenye Mac kinapatikana kwa Homebrew, kisakinishi cha programu za bure, ila amri za hapa chini ni za Linux, kwani Mac haiiti draivu sr0. Duru ya kwanza inachukua kilicho kizima bila kung'ang'ania sehemu mbovu:

sudo ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Duru ya pili inarudi kwenye sehemu zilizobaki, mara tatu kila moja:

sudo ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Inaweza kuchukua usiku mzima. Iache, na kama ni laptopu, ichomeke kwenye umeme na uizuie isilale. Faili la harusi.map ndilo lenye thamani hapa: linakumbuka vipande gani vimeshapatikana na vipi bado. Draivu mbili tofauti mara nyingi hazikwami mahali pamoja, maana kila moja ina lenzi yake na namna yake ya kusahihisha. Kwa hiyo chukua faili la .iso (nakala ya CD nzima) na la .map, yaweke kwenye kompyuta ya rafiki mwenye draivu nyingine, rudia amri ile ile, na ddrescue itaomba vile vilivyokosekana tu. CD iliyokwama kwenye draivu ya kwanza inaweza kumaliziwa na ya pili, au ya tatu. Njia hii haifai kwa VCD, kwa sababu ya zile baiti 2324.

Aina nyingine inayodhaniwa imekufa ni DVD ya kamera au ya rekoda ya nyumbani ambayo haikufungwa baada ya kurekodi. Kompyuta inaiona tupu, huku upande wa chini unaonyesha wazi duara jeusi la sehemu iliyoandikwa. Kama kamera ile bado ipo, irudishe humo na uchague "Finalize". Kama haipo, programu ya IsoBuster ya Windows inaweza kuona kilichomo.

Kuchoma CD itakayosomeka kila mahali

Windows ikikuuliza, chagua "With a CD/DVD player". Ile nyingine, "Like a USB flash drive", inakuruhusu kufuta na kuongeza, lakini redio ya gari na deki ya sebuleni haziielewi. Kwenye Mac, weka vitu kwenye folda, bofya kulia, chagua kuichoma. CD inayotoka inasomeka pia kwenye Windows. Kwenye Linux tumia Brasero au K3b, na kwenye K3b hakikisha Joliet, mpangilio unaohifadhi majina marefu, imewashwa ili majina yasikatwe kwenye Windows. Majina yenyewe yawe mafupi, chini ya herufi 64.

Punguza kasi, mara 8 au chini ya hapo kwa DVD. Ukimaliza, acha programu ihakiki ilichoandika, kisha fungua CD hiyo kwenye kompyuta nyingine, siyo ile iliyoichoma. Andika juu yake kwa kalamu ya CD isiyo na ncha kali, wala usibandike karatasi: inavimba kwa joto, CD inazunguka upande.

Filamu kutoka nje

Kama una ndugu Muscat, London au Marekani anayekuletea DVD za dukani, utakutana na msimbo wa kanda, namba inayozuia DVD ya eneo moja la dunia isichezwe kwenye draivu ya eneo jingine. DVD za Afrika Mashariki ni kanda ya 5, za Uingereza na nchi za Ghuba ni ya 2, za Marekani ni ya 1. Ukiingiza DVD ya kanda nyingine, kompyuta itakuuliza kama ubadilishe kanda ya draivu. Usikubali haraka haraka. Unaruhusiwa kubadilisha mara 5 tu, baada ya hapo draivu inajifunga kwenye kanda ya mwisho. Hesabu hiyo inahifadhiwa ndani ya draivu yenyewe, kwa hiyo kuihamishia kwenye Mac au kusakinisha Windows upya hakuirudishi nyuma. Bofya "Cancel", ifungue kwanza kwa VLC. Mara nyingi itacheza bila kugusa hesabu hiyo. DVD za harusi na za kwaya zilizochomwa nyumbani kwa kawaida hazina kanda, zinacheza kwenye draivu yoyote.